Bipande Kumi na Mbili ya Sokulu

Mu famille yetu, siku batu bazima banashindwa na kitu, banaangaliaka mutu mwenye anachekaka sana, kiisha banamuwekea ile kitu ku kichwa. Ile siku, mu parcelle yetu, uwanja ya nyumba yetu ya Beu, ku Beni, ile mutu ilikuwa miye.

Sokulu yangu, ni kusema baba ya papa yangu, alikuwa amemaliza siku mbili bila kukojoa. Tumbo ilijaa, ikawa nguvu sawa ngoma. Alikuwa anatembea mu parcelle mikono ku kiuno, anaingia mu choo, anatoka, anaingia tena, sawa mutu mwenye ameangusha ufunguo mule ndani. Papa yangu na baba zangu badogo babili balikuwa bameikaa ku bench, macho chini. Shida haikukuwa hospitali. Hospitali iko karibu. Shida ilikuwa nani ataenda naye. Kwetu Banande, mutoto hapana kuona uchi ya baba yake. Ata kuitaja hapana. Mwenye atajaribu, heri atafute kwanza mahali ingine ya kulala.

"Na mujukuu?" papa yangu akasema polepole.

Bote bakanigeukia. Bibi ya sokulu, mwenye tunaitaka mukaka, akanigeukia pia, na nyungu yake ya sombe, majani ya muhogo, mukononi.

Juu kwetu mujukuu na sokulu ni batu ya kutaniana. Banasemaka bote babili bameoa bibi moja. Tangu nilikuwa mutoto ule muzee ananiitaka mwizi. "Weye mwizi, umekuja tena kuniibia bibi?" Na miye namujibu: "Muzee, bibi ni yangu, weye uko mulinzi tu, na mushahara hatukulipe." Mukaka anacheka mupaka meno yake mbili yenye ilibakia inaonekana. Hakuna mutu mwengine mu famille mwenye angemuambia maneno sawa ile na akabakia na masikio yake.

Donc nikachaguliwa. Niliishiaka ku ya sita primaire, karatasi ya docta sijue kuisoma, mais kumuchekesha ule muzee nilijua. Niliona ile inatosha.

Ku santé, ile hospitali kidogo ya pale karibu, enfirmie alimutia sonde, ile mupira kidogo yenye inapita mule mukojo inapitaka, na mukojo ikashuka mu sakoshi ya plastiki mupaka ikajaa. Sokulu akalia. Haikukuwa ya maumivu, ilikuwa ya kupumua.

"Mwizi," akaniambia, "usimuambie bibi yetu kama nimelia."

"Nitamuambia umepiga kelele sawa mbuzi ya Noeli."

"Mujinga!" Na akacheka, mukono ku tumbo. Nikajisemea: tazama, hii kazi naiweza.

Kiisha bakamupiga ekografi. Docta alimupakaa ile mafuta ya baridi ku tumbo, akapitisha ile kitu sawa sabuni, na ku écran nikaona kitu sawa mvua ya ku televizio ya zamani. Docta akaangalia ile mvua wakati murefu. Akapima, akapima tena. Bakamukamata damu pia. Kesho yake docta akaniita miye peke yangu mu bureau.

"Mwanaume yote iko na kitu inaitwa prostate," akasema. "Kwa kijana iko kidogo. Iko chini ya kibofu, na mukojo inapita katikati yake."

"Ata miye niko nayo?"

"Ata weye."

Nikafunga miguu.

Akasema ya sokulu imekuwa mukubwa sawa avoka, na kandokando yake haiko laini, kuko upande moja yenye picha yake haimupendeze. Akasema mu damu pia kuko kitu bapimaka, inaitwa PSA, kwa bazee inapandaka kidogo, mais yake ilipanda mupaka docta alirudilia ile mutihani mara ya pili, aone kama mashini haikukosa. Mashini haikukosa. "Muende Butembo," akasema. "Kule kuko docta mwenye anajua hizi."

Tulienda na pikipiki yangu. Miye niko mutu wa pikipiki, nabebaka samaki fresh ya Kasindi, naitia barafu na chumvi, naifikisha Butembo ikingali na macho ya kuangaza. Sokulu alivaa koti yake ya misa, na sakoshi ya mukojo tukaifunga ndani ya koti. Ku barrière moja ya barabara, soda mwenye bunduki akagusa ile koti.

"Papa, oyo nini?"

"Bière, chef," nikajibu kwanza, sokulu hajafungua mudomo. "Ikingali moto. Utaonja?"

Soda akafungua koti, akaona, akaruka nyuma. Benzake bakacheka mupaka mumoja akaikaa chini. Bakatuachia njia bila kuuliza neno ingine. Sokulu alinipiga ngumi mu mugongo: "Siku moja mudomo yako itatuua." Mais nilisikia anatetemeka na kicheko huku nyuma.

Docta wa Butembo alikuwa mutu wa maneno kidogo. Alisoma karatasi, kiisha akamuambia sokulu alale kwa upande, magoti ku kifua, juu anataka kuipima na kidole. Miye nikageukia dirisha.

"Ngoja kwanza," sokulu akasema. "Docta, weye uko mutoto ya nani?"

"Juu ya nini, muzee?"

"Nijue kama uko mutoto ya ndugu yangu. Kama uko ya kwetu, hapana."

Docta akataja ukoo yake. Sokulu akawaza, akapima matawi yote ya famille mu kichwa, akaona hatuingiliane nayo.

"Bon," akasema. "Endelea. Mais haraka."

Kiisha kukawa ekografi ingine, yenye inapitia nyuma, karibu kabisa na ile prostate. Kiisha tena radio, ile picha ya mifupa, ya kiuno na mugongo. Sokulu alikuwa anatoka mu chumba moja anaingia mu ingine, koti ku bega, sawa mutu anatafuta carte d'électeur, karatasi ya kura. Ku mwisho docta akatuikalisha chini bote babili.

"Picha inanionyesha mahali," akasema. "Naona hapa upande wa kushoto kuko kitu nyeusi, ngumu. Mais picha haiseme jina. Inaweza kuwa kansa. Inaweza kuwa kidonda ya zamani. Jina inatoka ku nyama yenyewe. Tunaingiza sindano, tunatoa bipande kidogo, kumi na mbili, sita kuume, sita kushoto. Kila moja iko sawa kipande ya uzi. Kiisha mutu anaiangalia mu mikroskopi, njo tunajua."

"Na kama nakatala?" sokulu akauliza.

"Ukikatala, nitakupa dawa ya kitu yenye sijue. Kama iko kansa, kuko sindano na operesheni yenye inaikatia chakula, inaweza kulala miaka. Kama haiko, nakufungulia njia ya mukojo tu na unarudi ku shamba. Siwezi kukufanyia ya moja nikiwaza ya ingine."

Sokulu akatengeneza koti yake ku bega. Kiisha akanigeukia miye, na hakuniita mwizi. Aliniita jina yangu.

"Kumukata mutu bipande na akingali anapumua," akasema. "Sijaona ile tangu nizaliwe. Unaniapia ni mara moja?"

"Mara moja, sokulu."

"Habatanirudisha ku hii meza?"

"Hapana. Mara moja. Naapa."

Ile njo neno nililomupa. Nilimupa haraka, sawa vile namupatiaka musafiri bei ya kwenda Oicha.

Miye nilibakia ku colidor. Balimupa kwanza kinini ya kumeza, bakamupiga sindano ya kufisha maumivu, kiisha nikasikia ile mashini. Ta! Inalia sawa agrafeuse, ile ya kushonea karatasi mu bureau ya commune. Ta! Batu ya Beni tunajua kuhesabu sauti ya masasi, tunahesabiaka chini ya kitanda. Nikahesabu mupaka kumi na mbili, meno nimefunga. Sokulu akatoka anatembea miguu mbalimbali.

"Bamenipiga kumi na mbili," akasema, "na karibu karibu. Na tazama, nimesimama."

"Bakupe grade sawa soda."

"Bibi yangu anipe kwanza chai. Weye mwizi, leo ukae mbali na ule mwanamuke, niko na hasira."

Enfirmie wa kule, mwanamuke, akaniletea karto, kisanduku kidogo ya karatasi. Ndani kulikuwa chupa mbili, moja ya kuume moja ya kushoto, na mu maji yake bile bipande bilikuwa binaelea, nyeupe, nyembamba, kweli sawa nyuzi. Ku Butembo hakukukuwa mutu wa ile mikroskopi. Famille njo inabebaka. Kuko mutu ku Kasindi mwenye anapokea chupa sawa zile na kuzivusha Uganda ku laboratwari. "Usifungue," enfirmie akasema. "Ufikishe muzuri, isiharibike." Akaita mugonjwa mwengine. Sikumuuliza kitu. Nilijisemea: weye mama, unaambia nani? Miye mutu wa samaki sijue kubeba nyama isiharibike?

Ilikuwa siku ya tano ya juma. Magari ya kwenda Kasindi ilikuwa itatoka Beni siku ya kwanza ya juma ingine, na basoda mbele na nyuma, juu ya bale benye banauaka batu ku ile barabara. Donc tukarudi kwetu Beu na karto, nikaiweka ku etajere ya salon, pembeni ya radio.

Kesho yake, siku ya posho, saa ya chakula, sokulu akaacha kijiko. Akanusa. Akanusa tena.

"Hii harufu inatoka wapi?"

Kifuniko ya chupa moja haikukuwa imefunga muzuri. Ilikuwa inavuja kidogo kidogo, karto ilikuwa imelowa kwa kona. Na ile harufu mutu wa Beni hawezi kuikosa. Ni formol. Kwetu formol ni dawa ya maiti. Miaka ile ndugu ya sokulu aliuawaka mu shamba ya kakao ku Oicha, tulimutafuta ku morgue, nyumba ya maiti, miye na sokulu, tunapita katikati ya batu bamelala chini, na ile harufu ilituingia mu nguo mupaka mukaka alizichoma.

"Mwizi," akasema. "Muliniweka mu nini?"

Nilijaribu. "Ni pafé, marashi, sokulu. Ya Paris."

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu.

"Muliniweka mu dawa ya maiti," akasema. "Niko hapa nakula ugali, na nusu yangu iko mu dawa ya maiti ku etajere."

Akasimama, akaenda kulala. Hakula magaribi. Siku ya mungu hakula, hakunywa, hakuenda ku misa. Alikuwa amegeukia ukuta. Sakoshi ya sonde ilikuwa inatoa mukojo kidogo, ya rangi ya chai, na damu ndani. Mukaka alikuwa anaikaa ku mulango, analia bila sauti. Baba zangu balikuja, bakachungulia mu dirisha, bakarudi. Docta alisemaka anywe maji mingi sana. Miye nilimuletea maji, uji, chai ya sukari, maneno yote ya mchezo nilikuwa nayo. Nilimuambia kama hakule, miye na bibi tutafanya harusi siku ya pili. Hakugeuka.

Kiisha misa batu bakiwa banarudi, akasema, uso ku ukuta: "Nitoe mule."

"Sokulu?"

"Nitoe mule ndani. Nakuomba. Kama mutu anawekwa mule, anafuataka. Nitoe."

Sokulu hajaniomba kitu ata siku moja. Ananitumaka, ananitukanaka, haombaka.

Nikachukua karto, nikaenda nyuma ya nyumba ku choo. Nikafungua chupa ya kwanza, nikamwanga ile maji mu shimo, pole pole, kidole mbele juu bipande isianguke. Macho ilikuwa inaniwasha. Nikafanya na ya pili. Kiisha nikafanya kazi yangu sawa vile naijuaka. Nilichemsha maji, nikaipoza, nikatia chumvi kidogo, nikaosha bile bipande sita kwa sita bila kuchanganya kuume na kushoto, nikaijaza, nikafunga nguvu. Nikatia chupa mu glacière yangu ya samaki, barafu chini, barafu juu. Nilikuwa na furaha. Naisema juu ni kweli: niliona nimefanya kitu ya akili.

Nikarudi mu chumba. "Sokulu, nimekutoa. Uko mu maji safi, na barafu. Uko unaoga sawa mukubwa wa Kinshasa."

Akageuka. Akaangalia mikono yangu, akainusa. Nilikuwa nimeinawa na sabuni na ndimu.

"Kweli?"

"Kweli."

"Mwambie bibi yangu alete ugali," akasema. "Bibi *yangu*. Weye ngoja inje."

Alikula sahani mbili. Mukaka alinishika uso na mikono yake yote mbili, akaniita mutu mukubwa.

Siku ya kwanza nikafika Kasindi katikati ya malori, nikamupa ule mutu chupa zake, barafu ikingali. Aliziangalia ku jua, akaandika ku kayé yake, akazitia mu sakoshi. Hakufungua. Miye pia sikusema kitu.

Tukangoja. Juma ya kwanza sokulu alikuwa muzuri. Ya pili mugongo ikaanza kumuuma, chini kabisa, ile ya kumuamsha na kumuzuia kugeuka. Ya tatu muguu ya kushoto ikaanza kusahau kazi yake. Alikuwa anaiangalia na kuitukana: "Na weye pia umekuwa mujukuu?" Kiisha docta wa Butembo akapiga simu. Nikaenda peke yangu.

Alinigeuzia karatasi. Kifaransa yake ilinishinda.

"Inasema nyama ilioza," docta akasema. "Bipande yote kumi na mbili. Hakuna kitu ya kusoma. Na inasema kitu ingine: chupa ilifika na maji ya chumvi. Nani alifungua?"

Nilikuwa na majibu mingi. Ku barrière majibu hainishindaka. Ningesema basoda balifungua, ningesema mutu wa Kasindi.

"Ni miye," nikasema.

Nikamuelezea yote, mupaka ndimu. Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Sikiliza," akasema. "Formol haiko dawa ya maiti. Ni dawa ya nyama. Nyama yote, ukishaitoa mu mutu, inaanza kujila yenyewe, palepale. Formol inaisimamisha, inabakia sawa vile ilikuwa siku tuliitoa, njo mutu anaweza kuisoma. Mu maji ya chumvi inaendelea kujila. Samaki yako unaikula kesho. Hii ilifanya siku nane mu njia."

"Sikujua, docta."

"Hukuuliza." Akatoa miwani, akapangusa macho. "Muguu inaanza kulala, unasema? Muniletee yeye hii juma. Hii juma, si ingine. Tunarudilia. Kama ile kitu imefika ku mifupa ya mugongo na tunangoja, hatatembea tena. Na bado sitajua namutunza na dawa gani."

Nilirudi na pikipiki tupu. Mu njia nilifundisha mudomo yangu namna ya kusema. Mais nilipofika, baba zangu balikuwa mu salon banangoja, na neno yenye ilitoka ni hii tu: "Iliharibika. Hakuna majibu."

"Nani aliharibu?" baba mudogo wa kwanza akauliza.

Nikaangalia chini.

"Nilisema!" baba mudogo wa pili akaruka. "Bale ba Butembo baliuza nyama ya baba! Bamemutoboa bure, sasa banataka kumurudisha bamumalize. Hapana! Hatarudi kule!"

"Hatarudi," wa kwanza akasema.

Papa yangu pia alitikisa kichwa, akakubali. Nikaona mulango inafungwa mbele yangu, na miye njo nilikuwa nashika kitasa. Neno moja tu ingeifungua. Sikuisema. Ile siku sikuisema, kesho yake sikuisema. Nilienda kubeba samaki. Baba mudogo alikuwa anapita ku majirani anatukana ule docta, mutu mwenye alinieleza na sauti ya chini, na miye nilikuwa nasikia na kutengeneza chaîne ya pikipiki yenye haikuharibika.

Siku ya tatu muguu ya kuume pia ikaanza. Nilimubeba sokulu kumutoa inje, aote jua. Alikuwa mwepesi, sawa koti bila mutu. Nikamuweka ku mukeka, nikapiga magoti mbele yake, nikamuambia. Nilianza na mchezo, juu sijue kuanza na kitu ingine: "Sokulu, unakumbuka ulikuwa unaoga sawa mukubwa..." Ikanifia ku midomo. Nikasema yote hivi hivi, kavu.

Inzi ilikuwa inatembea ku mukono yake, hakuifukuza.

"Kumi na mbili tena?" akauliza.

"Kumi na mbili."

"Uliniapia."

"Ndiyo, sokulu."

"Miye nilikuomba unitoe," akasema. "Nilikuomba, naijua. Miye niko muzee wa shamba, naogopa harufu. Mais weye njo uliikaa na docta. Weye njo ulikuwa na mudomo ya kuuliza. Mudomo yote ile, mwizi, na hukuuliza neno moja."

Nikamufukuzia ile inzi.

"Bale batoto yangu banasema docta aliniuza," akasema. "Balisikia ile kwa nani?"

"Kwa kimya yangu."

"Basi. Nitarudi ku ile meza. Mais kwanza baite. Useme mbele yao. Juu kama ninaenda na ile uongo nyuma yangu, kesho bataua ule docta na fimbo, na miye mutu ya kunitoboa sitakuwa naye tena."

Bakakuja bote batatu. Nilisimama katikati ya parcelle, ku jua, na mukaka anaangalia. Nikasema: miye nilimwanga formol. Miye nilitia chumvi. Docta hakuuza kitu. Baba mudogo wa pili alinipiga kofi mbele nimalize, na nikamaliza. Wa kwanza akaikaa chini, mikono ku kichwa. Mukaka, mwenye aliniitaka mutu mukubwa, aliingia mu nyumba na kufunga mulango.

Papa yangu hakunipiga. Akauliza tu: "Docta alisema siku gani?"

"Hii juma."

"Leo ni siku ya ngapi ya juma?"

"Ya tano."

Akaenda kutafuta gari, juu sokulu hakuweza tena kuikaa ku pikipiki. Na akaingia mule na siye. Sikuamini. Ule mutu mwenye hakuwezaka kusema neno "mukojo" mbele ya baba yake, aliikaa nyuma na kichwa ya baba yake ku mapaja, na mukono yake ikashika sakoshi ya sonde, inje kabisa, mbele ya macho ya bote. Niliikaa mbele na chauffeur. Nilikuwa nangoja sokulu anitukane, ata kidogo. Hakunitukana.

Docta alimuangalia miguu, akamupiga na ka nyundo ku magoti, ya kushoto haikuruka. Uso yake ikabadilika. Hakutuficha: "Mumekawia. Nitafanya, mais mumekawia." Papa yangu akauliza kama atatembea tena. Docta akasema hajue. Akauliza kama iko kansa. Docta akasema macho yake inasema ndiyo, damu inasema ndiyo, mais macho yake haiko karatasi.

Ile siku sikuhesabu. Nilijifunga masikio. Kiisha mulango ikafunguka, bakamutoa ku chariot, kitanda ya magurudumu, uso nyeupe, midomo kavu. Enfirmie, ule ule, akakuja na karto, chupa mbili ndani, na ile harufu. Akaninyooshea miye, juu ananijua. Nikanyoosha mikono.

"Hapana yeye," sokulu akasema.

Hakusema na hasira. Alisema na sauti ya kuchoka, sawa mutu anakatala sukari. Mikono yangu ikabakia inje, hewani.

Papa yangu akapita mbele yangu. Akachukua karto, akauliza enfirmie: inafunguliwa? inawekwa mu barafu? ku jua? inasimama ao inalala? inaweza kuikaa siku ngapi? Aliuliza mupaka enfirmie akachoka. Kiisha akaiingiza ndani ya shati yake, ku ngozi, akafunga bifungo.

Bakamusukuma sokulu ku colidor, papa yangu pembeni yake. Viatu ya sokulu ilibakia mule mu chumba, chini ya ile meza. Nikaiokota, nikabafuata.